Anzeni na njia ya kwenda zahanati

Dada, umeuliza kamati ya mtaa wenu hapo Temeke ianzie wapi kuwasaidia wazee, maana fedha ni kidogo na wao hawatoki ndani. Msikimbilie kujenga ukumbi. Tembeeni na bibi mmoja mwenye mkongojo hadi zahanati, kwa mwendo wake, mkiangalia anapokwama: mtaro usio na kifuniko, ngazi ya daladala iliyo juu mno, konda anayegonga bodi kabla hajakaa. Hapo ndipo pa kuweka kifuniko, na benchi kivulini.

Halafu vitambulisho. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasiojiweza wana haki ya kutibiwa bure, lakini dirishani wataulizwa kadi. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa awaandikishe nyumba kwa nyumba, hasa wanaoishi wao na wajukuu tu.