Ampea Nane Zinanitosha

Jumapili nilipata ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Ruaka. Amenunua gari la stima, Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 40, na muuzaji amempa chaja ya kubeba yenye kitufe cha kuchagua ampea, yaani kiasi cha mkondo wa stima: 6, 8, 10 au 13. "Ameniambia niweke 13 kwa sababu plagi yenyewe ni ya 13. Nimsikilize?"

Kusoma tu, harufu ya plastiki inayoungua ikanirudia puani. Mimi pia niliambiwa hivyo, karibu neno kwa neno.

Habari za kuagiza gari, bandari na makaratasi nitaziruka, kila mtu anazo zake. Naishi Kasarani, nyumba ya chini, na dirisha la jikoni linatazama pale ninapoegesha. Nilijiona nimebarikiwa. Jioni napitisha ekstensheni dirishani, nabonyeza 13, nalala. Kazini nikawa mhubiri: mtu akilalamikia bei ya petroli, natoa simu nimwonyeshe tokeni nilizotumia wiki nzima. Naungama, nilijidai sana.

Wiki ya nne nilirudi kutoka Machakos betri ikiwa imebaki kidogo mno. Nikachomeka saa moja jioni. Saa nane usiku binti yangu akaja kuniamsha: "Mama, kuna kitu kinanuka." Soketi ya jikoni ilikuwa imegeuka kahawia na plagi imeganda humo, haitoki. Nikakimbilia boksi la breka, zile swichi zinazokata stima mkondo ukizidi. Breka ilikuwa juu, imetulia kama haijui lolote.

Kulipokucha msimamizi wa ploti alikuwa ameshapiga picha, na picha imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Jirani mmoja akaandika, "Huyu madam atatuchoma na hako kagari kake." Watu kumi na wanne wakaweka vicheko. Niliwahesabu. Mwenye nyumba akanipa siku saba nitafute pengine pa kuchajia.

Aliyeniokoa ni fundi wa stima, mzee mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, ambaye kwa kweli nilipaswa kumwita kabla ya kununua hata hiyo chaja. Alifungua soketi akanionyesha mambo mawili. Skrubu moja ilikuwa imelegea, waya umeshikilia kwa nyuzi chache. Na waya wenyewe ni wa milimita za mraba 1.5, saizi ya taa, tena unalisha na friji. Nikamuuliza kwa nini breka haikukata. Akacheka. "Mama, breka huhesabu mkondo. Haina pua."

Sikulala kwa ajili ya sentensi hiyo. Mkondo haukuwa umepita kiwango. Palipolegea ndipo palipopata moto, na hakuna kifaa pale ukutani kilichowekwa kuliona hilo. Fyuzi ya plagi nayo ni vivyo hivyo. Halafu joto halipandi sawasawa na ampea, linapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 8 kwenda 13 hujaongeza hata mara mbili ya mkondo, lakini joto kwenye kiungo kile kile limezidi mara mbili na nusu. Birika la chai linavuta karibu kama gari, ndiyo, ila dakika tatu chai imechemka. Gari langu lilikuwa limevuta saa saba mfululizo.

Sasa tuambiane ukweli, sisi tunaotaka kuachana na petroli. Haraka ya nini? Mimi kwenda Industrial Area na kurudi, pamoja na mizunguko ya sokoni, ni kama kilomita 35 kwa siku. Hizo ni uniti (kilowati-saa) sita au saba za stima, ukihesabu na zinazopotea wakati wa kuchaji. Kwa volti 240, ampea 8 ni karibu kilowati 1.9. Ndani ya saa tatu na nusu nimemaliza, na gari linakaa pale kwa muda wa saa kumi na moja! Nilikuwa nabonyeza 13 ili gari limalize mapema lilale. Ujinga mtupu, na wengi wenu mnaufanya usiku wa leo.

Chagua ampea kwa kuangalia kilomita zako za kila siku na waya ulio ukutani. Namba iliyoandikwa kwenye plagi isikudanganye. Hata chaja nyingi za aina hii zinazotoka kiwandani na plagi ya miguu mitatu hufungwa kwenye ampea 10. Na wale mnaokata plagi ya Kijapani kwenye kebo ya kuchajia ya volti 200 iliyokuja na gari mkafunga ya miguu mitatu, sina adabu ya kutosha kuwajibu hapa.

Mwenye nyumba alilegea nilipokubali kugharamia laini ya peke yake: waya wa milimita za mraba 6 kutoka boksini, breka yake, swichi ya kukata stima ikivuja, waya wa ethi (wa ardhini) uliopimwa, na soketi ya bluu ya viwandani pale nje. Ekstensheni nilimpa fundi akaitupe. Laini hiyo inabeba 16 bila shida, na bado naweka 8. Nikitoka safari ndefu naweka 10.

Jirani wa "kagari" alinipigia mwezi uliopita akitaka namba ya fundi. Nilimpa. Sikumwambia lolote, ingawa nilikuwa nalo.

Dada wa Ruaka, soketi ya kwako usiichomekee gari mpaka fundi aifungue. Kwa sasa chaji kwenye vituo vya mjini. Akishaipitisha, anza na 6, na baada ya nusu saa shika plagi kwa kiganja. Uvuguvugu ni sawa. Ikikufanya uondoe mkono, chomoa, halafu nitumie picha ya waya uliomo ndani.