Bakteria hujuaje kuwa mbolea imefika?

SWALI: Mwalimu, nalima maharagi yanayopanda fito kule Kabare. Msimu uliopita niliweka urea nusu ya shamba. Majani yalinawiri, lakini nilipong'oa, mizizi ya upande ule ilikuwa na vinundu vichache sana kuliko upande mwingine. Mume wangu anasema bakteria walinusa mbolea wakakimbia. Ni kweli?
— Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mama, asante kwa kung'oa na kutazama mizizi, wengi huishia kwenye majani.

Vinundu ni nyumba za bakteria wanaogeuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Hawakukimbia, na pua hawana. Bakteria hapimi udongo ulio nje, anapima chungu chake mwenyewe. Amonia, yaani nitrojeni iliyo tayari kuliwa, ikiingia ndani yake, huunganishwa na kiungo kiitwacho glutamati, ikawa kingine, glutamini. Glutamini ikipungua, ni njaa. Ikijaa, ni shibe. Kipo kimeng'enya kinachoifuatilia: wakati wa njaa hubandika alama kwenye protini ndogo iitwayo PII, wakati wa shibe huibandua. Kwa alama hiyo jeni za kutafuta nitrojeni hufunguliwa, ikitoka, zinafungwa. Haya yamechunguzwa sana kwa E. koli, bakteria wa utumboni, lakini ukoo wa PII umeenea mno, hata mimea inao. Miaka yote niliyofundisha biolojia, hapa ndipo ninapokawia darasani.

Ubahili huo una sababu. Kuvunja molekuli moja tu ya nitrojeni ya hewani hula ATP zisizopungua 16, na ATP ndiyo nguvu ya chembe hai. Nani atalipa hivyo wakati chakula kipo tayari?

Ila kwenye vinundu vyako, mama, mwamuzi mkuu ni mmea. Ndio unaowalisha bakteria sukari itokayo majani. Urea ikishageuka amonia na nitrati udongoni, mizizi hujipatia nitrojeni bila wapangaji, basi mmea huzuia vinundu vipya.

Msimu ujao urea ipeleke kwenye mahindi. Maharagi yape samadi kidogo iliyooza vizuri na mbolea yenye fosforasi, maana vinundu vinaihitaji sana. Yakianza kutoa maua, ng'oa mche mmoja kila upande, upasue kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa chekundu kama nyama, kinafanya kazi: rangi hiyo ni ya protini iliyo jamaa ya ile ya damu yetu. Kikiwa cheupe au kijani, hakikupi kitu. Niandikie umeona rangi gani.