Kwa mwalimu mpya aliyekabidhiwa timu inayofungwa

Mwalimu mwenzangu, hakuna anayeitwa katikati ya msimu kwa sababu mambo ni mazuri. Ukiona simu ya katibu wa klabu wakati ligi inaendelea, jua kuna timu imepoteza mechi nne au tano mfululizo, kocha aliyekuwepo ameondoka, wachezaji hawaangaliani usoni na Jumamosi kuna mechi ya ugenini. Nimekaa kwenye mabenchi ya timu za mikoani kwa miaka mingi, mara nyingi kama msaidizi aliyebaki wakati kocha mkuu anafungasha. Nakuandikia wewe ambaye leseni yako bado mpya na kichwa chako kimejaa mifumo uliyoisoma darasani.

Wiki zako za kwanza hazihitaji mpira mpya, zinahitaji upunguze. Punguza mabao ya kizembe, punguza maelekezo, punguza mambo ambayo mchezaji anayawaza mpira ukiwa mguuni kwake. Timu inayofungwa huwa imeshapokea ushauri wa kila mtu, kuanzia mwenyekiti hadi muuza maji wa uwanjani. Ukifika na wewe na kurasa zako ishirini, umeongeza uzito juu ya watu ambao tayari wameinama.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Emerse Faé na Ivory Coast, kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) iliyochezwa Januari na Februari 2024. Wenyeji hao walianza kwa kuifunga Guinea-Bissau 2-0, wakafungwa 1-0 na Nigeria, kisha Januari 22 wakachapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mbele ya mashabiki wao. Siku mbili baadaye kocha Jean-Louis Gasset akaondolewa. Timu ilikuwa na pointi tatu, haijui hata kama mashindano yake yamekwisha. Jioni hiyo hiyo Morocco ikaifunga Zambia 1-0, na Ivory Coast ikapenya kama ya mwisho kati ya timu nne bora zilizomaliza nafasi ya tatu. Faé, msaidizi wa Gasset, ndiye aliyekabidhiwa kikosi. Hakuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa. Na katika siku zilezile shirikisho la nchi yake lilikuwa linajaribu kumwazima Hervé Renard kutoka timu ya wanawake ya Ufaransa, Wafaransa wakakataa. Kijana wa watu alianza kazi akijua wakubwa wake walimtaka mwingine.

Mechi yake ya kwanza, Januari 29, ilikuwa dhidi ya Senegal, mabingwa watetezi walioshinda mechi zao zote tatu za makundi. Hakuwa na ruhusa ya kusajili hata mchezaji mmoja, orodha ilikuwa ileile iliyofungwa manne. Alichoweza kubadili ni nani anaanza na nani anasubiri. Franck Kessié, mmoja wa majina makubwa kabisa ya kikosi kile, alianzia benchi. Senegal wakapata bao dakika ya nne tu. Kessié akaingia kipindi cha pili, akasawazisha kwa penalti dakika ya 86, na kwenye matuta akapiga ule mkwaju wa mwisho uliowatoa mabingwa. Mechi iliyofuata, dhidi ya Mali mjini Bouaké, walibaki kumi kabla ya mapumziko na wakafungwa dakika ya 71. Simon Adingra akasawazisha dakika ya 90, Oumar Diakité akamaliza kazi katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Wote wawili walitokea benchi. Nusu fainali wakaitoa DR Congo 1-0 kwa bao la Sébastien Haller, na Februari 11 jijini Abidjan wakaifunga Nigeria 2-1, baada ya kutangulia kufungwa, wakachukua kombe.

Utasikia watu wakisema ile ilikuwa bahati. Bahati ilikuwepo, sibishi. Lakini hesabu mabao. Mechi mbili za mwisho za Gasset timu iliruhusu matano. Mechi nne za Faé, mbili kati yake zikifika dakika 120, iliruhusu matatu. Hiyo haikuwa siku moja ya neema. Kwenye safari ya kufuzu Kombe la Dunia la 2026 Ivory Coast ilimaliza mechi zote 10 za kundi lake bila kuruhusu bao, na mechi mbili tu za mwanzo ndizo zilizokuwa za Gasset. Mwalimu aliyeokota timu iliyofungwa manne aliendelea kukazania nyuma hata alipokuwa bingwa wa Afrika, na hapo ndipo ninapotaka ukae kwa muda.

Kwa hiyo siku ya kwanza usianze na mashambulizi. Tafuta video za mechi za karibuni. Kama klabu haina, tafuta mashabiki waliorekodi kwa simu, utazipata. Angalia mabao mliyofungwa tu. Usiangalie nani alikosea. Angalia mpira ulitoka wapi, ulipotezwa wapi, na ulipopotezwa wenzake na aliyeupoteza walikuwa wamesimama wapi. Andika kila bao kwenye daftari. Katika timu nilizopita, sehemu kubwa ya mabao ilitoka kwenye vyanzo viwili: mipira iliyokufa, hasa kona na faulo za pembeni, na mpira uliopotezwa katikati wakati mabeki wa pembeni wote wawili wamepanda. Hivyo vitu vyote viwili vinarekebishika ndani ya wiki moja, bila kununua mtu na bila kubadili mfumo. Kwenye kona, kila mchezaji ajue mtu wake au eneo lake, kwa jina, na mmoja abaki nje ya boksi kwa ajili ya mpira wa pili. Kwa mabeki wa pembeni, mmoja akipanda mwingine abaki, na kiungo mkabaji asivuke mstari wa kati mpira ukiwa upande wetu wa hatari. Rudia hadi wachoke kukusikia.

Jambo moja kuhusu mazoezi. Makocha wengi wapya huwakimbiza wachezaji mchangani hadi watapike, ili waonekane wamekuja na nidhamu. Nimeona timu ikipoteza mabeki wake wawili wa kati kwa misuli kabla hata mechi ya kwanza ya kocha mpya haijachezwa. Katikati ya msimu pumzi huwezi kuijenga, utaiharibu tu. Fanya mazoezi mafupi, makali, yenye mpira, kisha waache wapumzike.

Kabla hujapanga kikosi, kaa na watu ambao hakuna anayewauliza: mtunza vifaa, daktari wa timu, kocha wa makipa, dereva wa basi. Hao wanajua nani analala saa ngapi, nani amegombana na nani, nani anacheza na maumivu na kuyaficha. Kisha muulize nahodha, mkiwa wawili tu, kitu gani kilikuwa kinawasumbua. Sikiliza, usimseme vibaya kocha aliyeondoka. Nusu ya wachezaji walimpenda, na wote wanajua siku moja utaondoka wewe.

Halafu waangalie waliosahauliwa. Kila timu inayoyumba ina wachezaji wawili au watatu waliosugua benchi kwa sababu ambazo si za mpira. Thomas Tuchel alipoichukua Chelsea Januari 26, 2021, timu ikiwa nafasi ya tisa, mechi ilikuwa siku iliyofuata tu dhidi ya Wolverhampton. Aliwaweka mabeki watatu nyuma, ikaisha 0-0, na mashabiki wengi walinung'unika. Antonio Rüdiger, César Azpilicueta na Marcos Alonso, ambao kwa Frank Lampard, kocha aliyemtangulia, nafasi zao zilikuwa zimepungua, wakawa watu wake. Timu ikacheza mechi 14 za kwanza bila kupoteza, na Mei 29 jijini Porto ikaifunga Manchester City 1-0 kwa bao la Kai Havertz na kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya. Sikuambii kila anayekaa benchi ni Rüdiger. Nakuambia mchezaji aliyewekwa pembeni na kocha aliyepita ana njaa ambayo yule anayecheza kila wiki hana, na ukimpa nafasi atakupa mapafu yake yote.

Hapa kwetu tuna mfano wa AFCON ileile. Tanzania ilifungwa 3-0 na Morocco, kocha Adel Amrouche akasimamishwa, na Hemed Suleiman, kwa jina la utani 'Morocco', akaachiwa benchi siku chache tu kabla ya kukutana na Zambia. Simon Msuva akafunga mapema, Taifa Stars wakaongoza hadi dakika ya 88 Patson Daka aliposawazisha. Wakafuata DR Congo, 0-0. Hatukuvuka kundi, na sare ile ya Zambia, waliokuwa wamebaki kumi, ilituuma sana. Lakini timu iliyoruhusu matatu katika mechi moja iliruhusu bao moja katika mbili. Novemba 19, 2024 kocha huyohuyo aliiongoza Stars kuifunga Guinea 1-0 kwenye Uwanja wa Mkapa, Msuva tena, na kufuzu AFCON ya 2025. Ninawataja Faé na Hemed pamoja kwa sababu wote walikuwa wasaidizi. Kama leo wewe ni msaidizi, andika unachokiona, maana siku utakayoitwa hutapewa muda wa kujifunza majina.

Sasa mambo ambayo kozi hazifundishi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Kabla hujasaini, uliza mishahara imelipwa hadi mwezi gani, na usimwulize katibu peke yake, waulize wachezaji. Kuna klabu moja, sitaitaja, ambako tulifanya mazoezi mazuri wiki nzima na Ijumaa wachezaji wakagoma kupanda basi kwa sababu ya malimbikizo. Mbinu gani itashinda hapo? Ukikuta hali hiyo, usiwaahidi fedha ambazo huna. Nenda kwa uongozi ukaombe kitu kimoja kinachowezekana, labda posho ya mechi ilipwe kabla ya mechi, au kodi za nyumba zilipwe kwanza kwa wenye familia. Likitimia, wachezaji watajua ni wewe uliyepigania. Lisipotimia, waambie ukweli uleule ulioambiwa.

Pia pata kwa maandishi nani anapanga kikosi. Mfadhili atakupigia usiku wa kuamkia mechi kuhusu mpwa wake, na mjumbe wa kamati atakuja na orodha. Jibu kwa adabu, msalimie kwa heshima yake yote, mshukuru, kisha panga timu yako. Ukikubali mara moja, chumba cha kubadilishia nguo kitajua kabla ya chakula cha mchana. Na kuhusu imani za watu, wale wanaotaka mpitie mlango huu wala si ule, sikushauri ugombane nao wiki ya kwanza. Linda tu muda wa kupasha misuli na usingizi wa wachezaji. Mengine yaache yapite.

Ukishinda mechi ya kwanza, hapo ndipo kuwa makini zaidi. Timu iliyofungwa mechi tano mara nyingi haikuwa mbovu kiasi kile. Kuna mipira iliyogonga mwamba, kuna kipa aliyekuwa mgonjwa, kuna ratiba iliyowakutanisha na vigogo mfululizo. Matokeo yangepanda kidogo hata bila wewe. Wachezaji nao hukimbia zaidi wiki mbili tatu za mwanzo kwa sababu kila mmoja anataka kuonekana na kocha mpya. Nguvu hiyo huisha. Faé alihitaji kushinda mechi nne. Ligi Kuu yetu ina mechi 30, na kama umeingia kwenye ya 14 au 15, una nusu ya safari mbele yako. Kwa hiyo tumia wiki za hamasa kujenga mazoea: kikosi kisichobadilika sana, mabeki wanne walewale wakiwa wazima, muda wa mazoezi usioyumba. Hamasa ikipungua, mazoea ndiyo yatawabeba. Baada ya hapo sasa anza kuongeza vitu vyako vya mbele, kimoja kimoja. Mimi huanza na namna ya kutoka nyuma kwa pasi tukibanwa, kwa sababu timu isiyoweza kutoka kwake itarudi kufungwa hata kama imejifunza kukaba.

Na likifika dirisha dogo la usajili, uongozi utataka mshambuliaji, kwa sababu mshambuliaji huwafurahisha mashabiki siku ya kutambulishwa. Wewe rudi kwenye daftari la mabao. Kama bado mnafungwa kwa vichwa, omba beki wa kati aliyecheza ligi hiihii, anayevijua viwanja vyake na safari zake za basi za usiku, umwone kwa macho yako akicheza dakika 90 ugenini kabla hujasema ndiyo. Mshambuliaji wa video za dakika tatu mwache wamsajili wengine.