Mashine ya Felix: Je, Mota Yake Iliondolewa?

Swali: Marehemu baba, aliyesomea uhandisi katika Umoja wa Kisovyeti, ametuachia mashine ya chuma ya kufanyia hesabu yenye jina "Felix" kwa herufi za Kirusi. Haina waya wala tundu la umeme. Je, mota iliondolewa? Na ni kweli kwamba Wasovyeti waliiga mashine ya Kiswidi?

Jibu: Mota haikuondolewa, kwa kuwa Felix haikuwahi kuwa nayo, nguvu yake yote inatoka kwenye mpini ulio ubavuni. Zilikuwapo mashine nyingine za Kisovyeti zilizoendeshwa kwa umeme, lakini hata katika hizo, hesabu ilifanywa na magurudumu yenye meno, mota ikichukua tu kazi ya mkono.

Kuhusu kuiga, tuhuma hiyo inapindua historia. Mbunifu wake, Willgodt Odhner, alikuwa Mswidi kwa kuzaliwa, lakini mashine aliibuni St. Petersburg, alikokuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Ludvig Nobel. Mashine iliyotamba wakati huo, ya Mfaransa Thomas de Colmar, ilitegemea mitungi mirefu yenye meno ya urefu tofauti, jambo lililoifanya kuwa kubwa na ghali. Badala ya kila mtungi, Odhner aliweka gurudumu jembamba lenye vijino 9 vinavyoweza kuchomoza na kurudi ndani: ukisogeza wenzo hadi 6, vijino 6 vinachomoza, na mpini ukizungushwa mara moja vinasukuma gurudumu la matokeo hatua 6. Frank Baldwin wa Marekani alifikia wazo kama hilo peke yake na kupata hataza mwaka 1875, ila ni muundo wa Odhner uliosambaa Ulaya. Huko Ujerumani uliuzwa kwa jina la Brunsviga.

Baada ya mapinduzi ya 1917 biashara ya familia ya Odhner ilihamia Göteborg, Sweden, na muundo ukabaki pia Urusi, ambako uzalishaji ulifufuliwa Moscow katika kiwanda kilichopewa jina la Felix Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovyeti. Ndiyo asili ya jina lililo kwenye mashine yako. Kwa hiyo Felix na Odhner ya Kiswidi ni ndugu waliotoka nyumba moja.

Kuijaribu ni rahisi. Ili kuzidisha 325 kwa 47, panga 325 kwa nyenzo, zungusha mpini mara 7, sogeza kigari (sehemu inayoteleza yenye dirisha la matokeo) hatua moja, kisha zungusha mara 4. Dirisha la matokeo litaonyesha 15275. Makarani wazoefu walifupisha: mizunguko 5 ya mbele katika nafasi ya makumi na 3 ya kurudi nyuma katika nafasi ya mamoja, yaani 50 kutoa 3, jumla mizunguko 8 badala ya 11.

Nyenzo au kigari kikigoma kusogea, hakikisha kwanza kwamba mpini umerudi mahali pake pa kupumzikia, maana ukiwa katikati ya mzunguko mashine hujifunga kwa makusudi ili hesabu isiharibike. Ukiwa mahali pake na bado kuna ukinzani, usitumie nguvu. Huenda ni mafuta ya zamani yaliyoganda, ambayo husafishwa kwa spiriti kabla ya kutia matone machache ya mafuta ya cherehani.