Anayejinyima mchana ndiye anayevamia jiko usiku

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 29. Mchana kutwa najizuia, nashinda na maji tu, lakini nyumba ikishalala naingia jikoni nakula chochote ninachokikuta, nimesimama, haraka haraka, mpaka tumbo linauma. Wakati mwingine hata njaa sina. Nikimaliza nalia. Huu ni mwaka wa pili, mara tatu au nne kwa wiki. Sitapiki. Nimefunga siku tatu mfululizo, nimekunywa chai za kupunguza mwili; napata nafuu ya wiki moja kisha nazidi. Nimesoma kwamba huu ni ugonjwa. Nifanyeje nipate nidhamu, na nimwambie nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Siwezi kukupima kwa barua, ila mtaalamu wa afya ya akili akisoma ulichoandika hatakuambia ukalale tu. Ulaji wa kupindukia umo katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani kama ugonjwa unaojitegemea tangu 2013, na Shirika la Afya Duniani limeuweka kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022. Kiwango cha mwongozo ule wa Marekani ni angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3. Wewe uko mwaka wa pili sasa. Hapo hatubishani.

Ninapobishana nawe ni kwenye hilo neno nidhamu. Kila anayekaa mbele yangu na tatizo hili huja nalo mdomoni. Mtu anayeshinda na maji tu tangu asubuhi hadi usiku, akaweza hata kufunga siku tatu, amepungukiwa nidhamu gani? Unayo tele. Umeitumia yote katika kujinyima, na kujinyima huko ndiko kunakokusukuma jikoni.

Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana wa kiume 36 waliojitolea, wazima wa mwili na akili, akawapunguzia chakula karibu nusu kwa muda wa miezi 6. Mawazo yao yote yakahamia kwenye chakula: wakakiota, wakakizungumza, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Walipoanza kulishwa tena, baadhi yao walikula mpaka wakaugua, na bado wakasema hawajashiba. Hawa walichaguliwa kwa uimara wao. Mwili ulionyimwa hudai, na hudai kwa nguvu zaidi saa ambayo umechoka, uko peke yako na hakuna anayekuona.

Si kila mgonjwa alianza na dayati. Wapo waliotangulia kula kupita kiasi tangu utotoni, kwa huzuni, hofu au upweke, dayati ikaja baadaye. Lakini hata kwao dayati kali huongeza kuni kwenye moto. Na kuna jambo la akilini pia: ukijiwekea sheria kwamba usiku hugusi chakula, tonge moja tu linatosha kukufanya useme "nimeshaharibu, bora nimalize", na hapo breki zote zinakatika.

Kwa hiyo tiba inaanzia mahali usipopapenda: kula asubuhi. Milo 3 na vitafunio 2 au 3 kwa siku, bila kupitisha zaidi ya saa 4 hivi ukiwa macho hujala. Na asubuhi muhimu kuliko zote ni ile inayofuata usiku mbaya, ambayo ndiyo utakayotaka kuiruka ili kufidia. Usiifidie. Kula kama kawaida. Najua unachoogopa: kwamba utanenepa. Tiba hii inalenga kukomesha usiku wa namna hiyo. Uzito mara nyingi haubadiliki sana, na anayeanza kwa kukimbiza uzito hurudi alipotoka.

Weka daftari. Andika saa, ulichokula, ulikuwa wapi, na hasa ulikuwa unahisi nini kabla. Usihesabu kalori. Baada ya wiki mbili tatu utaona mwenyewe kinachotangulia: ugomvi, simu fulani, mchana mtupu. Hamu ikija usiku ilhali umekula vizuri mchana, toka jikoni, oga, piga simu, ingoje. Hupanda, na mara nyingi hushuka ndani ya nusu saa hivi. Mwenye njaa hawezi kuingoja. Ndiyo maana ratiba ya kula hutangulia.

Tiba yenye ushahidi mzuri ni ya kisaikolojia, ile inayoshughulikia fikra na tabia pamoja. Mwongozo wa Uingereza wa 2017 unaanza na kitabu cha kujisaidia kilichojengwa juu ya tiba hiyo, huku mtaalamu akikufuatilia kwa vikao vifupi. Isiposaidia, unaingia kwenye kikundi au vikao vya mtu mmoja. Dawa ipo pia: Marekani iliruhusu lisdeksamfetamini mwaka 2015 kwa watu wazima wenye ugonjwa wa wastani au mkali. Hiyo huandikwa na daktari tu, inaweza kuleta uraibu, na haikuruhusiwa kwa ajili ya kupunguza uzito.

Nani wa kumwambia? Nyumbani, mtu mmoja anayeweza kusikia bila kukuhesabia matonge. Mwambie unachohitaji: mle pamoja mlo wa jioni, akae nawe saa ile mbaya. Kwa daktari, sentensi yako ya kwanza iwe "nakula nikishindwa kujizuia, kisha najificha". Ukianza na uzito utatoka na karatasi ya dayati, na kwako hiyo ni sumu. Ukipewa, omba kuelekezwa kwa mwanasaikolojia au daktari wa afya ya akili.

Sasa hizo chai. Nimechoka kuwapokea watu waliopitia kwa wauzaji wa namna hiyo kwanza. Nyingi zina sena, nayo ni dawa inayomfanya mtu aharishe. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nguvu ya chakula imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Unachopoteza ni maji na chumvichumvi, ikiwemo potasiamu, na potasiamu ikishuka mapigo ya moyo huvurugika. Mizani inashuka, muuzaji anapiga picha, unakunywa maji, mizani inarudi. Vidonge ni hatari zaidi. Sibutramini, dawa ya kupunguza uzito, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na bado wakaguzi wanaikuta imechanganywa kwa siri kwenye vidonge vinavyouzwa kama mitishamba mitupu.

Na usidhani kutotapika kumekuweka salama. Kufunga siku tatu ili kufidia, au kuharisha kwa makusudi, kukiwa mazoea, kunaugeuza ugonjwa kuwa bulimia, yaani kula kupindukia kisha kujifidia, ambayo ina hatari zake na tiba yake. Mweleze daktari yote mawili bila kuficha. Anayetumia insulini asijaribu hata siku moja kujinyima namna hii wala kuruka dozi ili apungue. Na wewe, au msomaji mwingine, ukiwa baada ya kula unapata mawazo ya kutaka kufa, usingoje miadi. Nenda hospitali leo.

Pakiti ya chai iliyobaki usiitupe wala usimpe mwenzako. Itie kwenye mfuko uende nayo kwa daktari, pamoja na kidonge chochote ulichouziwa, asome kilichoandikwa na akupime potasiamu.