Jibu: Kinoa chungu, tena kama uji

Dadangu, umeuliza kwa nini kinoa yako (quinoa, zile punje ndogo zinazopikwa kama wali) inatoka chungu na kuvurugika kama uji. Uchungu ni saponini, utando wa asili unaofunika punje. Ioshe ukiifikicha mpaka lile povu kama la sabuni liishe. Punje zake ndogo hupita kwenye matundu ya chujio la kawaida, kwa hiyo mimi hutumia kitambaa cha kuchujia tui.

Uji ni maji kuzidi tu. Kikombe 1 cha kinoa kwa vikombe 2 vya maji, tena pungufu kidogo kwa kuwa imeshalowa. Ikichemka punguza moto, funika dakika 15, epua, iache imefunikwa dakika 5, ndipo uichambue kwa uma. Ukiona kijikia cheupe kimechomoza kwenye punje, imeiva.

Ladha sasa, maana yenyewe imepooza. Nenda soko la Marikiti ukachukue viungo vizima, si vya pakiti. Mimi hukaanga kitunguu, thomu, bizari ya pilau, hiliki mbili na kijiti cha mdalasini, natia kinoa iliyochujika, naigeuza mpaka inukie, ndipo tui jepesi badala ya maji, na chumvi. Tui zito usilitie mwanzo, litashika chini; mimi hulimimina mwishoni, kama wali wa nazi. Kamulia ndimu, weka kachumbari na mchuzi wa samaki pembeni. (Pilau ya nyama nilijaribu. Usijaribu.)

Mama mkwe akiuliza huo ni mchele gani, mwambie ni jamaa ya mchicha, asili yake milima ya Andes.