Jibu kwa swali la juma: Kazi yangu ni kukata upepo

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita mliwauliza wasomaji wenu: "Kwa nini mtu mzima ashiriki mashindano ambayo anajua hatashinda?" Nadhani mlikuwa mkiwafikiria wale wanaokimbia marathoni saa nzima nyuma ya mabingwa wetu, lakini swali limenigusa mimi, ambaye kwa miaka 9 nimekuwa katika timu ya ridhaa ya mbio za baiskeli hapa Malindi na sijawahi, hata siku moja, kuukata utepe. Jibu langu fupi ni kwamba hakuna aliyenituma kuukata. Nimepewa kazi nyingine, na mtazamaji aliyesimama penye utepe haioni, kwa kuwa huwa imekwisha kufanyika kilomita nyingi kabla ya kufika hapo.

Mtu ambaye hajapata kuendesha baiskeli kwa kasi hudhani kwamba mpinzani mkubwa wa mwendeshaji ni mlima. Huku kwetu hakuna mlima wa kutajwa, kuna upepo. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili na kushika nguvu Juni na Julai, na Kaskazi hutawala tangu Desemba hadi Machi, kwa hiyo barabara ileile ya kwenda Mambrui na Gongoni, ambayo ni tambarare kama sinia, msimu mmoja hukupeleka kama jahazi lililopata upepo wa tezi, na msimu mwingine ukaenda kama nahodha anayepiga bisho. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi na hewa ndiyo riziki yangu, lakini sikujua kwamba hewa ina uzito mpaka nilipojaribu kuipasua kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Hesabu yake haina huruma: ukitaka kuuzidisha mwendo mara 2, nguvu ya kuisukuma hiyo hewa itakubidi uizidishe mara 8. Ndiyo maana mbio hizi ni za timu ingawa jina linaloandikwa ni la mtu mmoja. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, kwa nafasi isiyozidi nusu mita, huokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake, na anayejificha katikati ya kundi kubwa huokoa zaidi ya hapo. Ili huyo aokoe, sharti mwingine alipe. Katika timu yetu ya watu 6, walipaji ni mimi na mwalimu mmoja wa shule ya msingi mwenye mapaja kama vinu.

Hukutana Jumapili baada ya swala ya alfajiri karibu na daraja la Sabaki, ili wenzetu wa kanisani nao wawahi kurudi. Huendeshana katika mstari mmoja, kila mtu akivuta dakika 2 au 3 mbele kisha akijiengua na kurudi mkiani. Aliye mbele ndiye macho ya wote. Waliomfuata hawaoni ila mgongo wake na tairi lake la nyuma, na kwa hiyo kila kitu lazima akitangaze: "Tuta!", "Shimo!", "Mbuzi kulia!", na mkono wake huonyesha nyuma ya kiuno kile ambacho mdomo umekitaja, kwa kuwa upepo humeza maneno. Kuhusu matuta ya barabara yasiyopakwa rangi ninayo mengi ya kusema, lakini hilo si swali la juma hili. Ninalotaka mwelewe ni kwamba mtu huendesha kwa kasi ya pikipiki akiwa haoni aendako, akimtegemea mtu ambaye siku za kazi humwona akiuza vipuri au akisahihisha madaftari.

Mambo huwa magumu zaidi upepo unapotoka ubavuni. Kuna barabara inayotoka mjini kwenda magharibi, kupitia Ganda na Kakoneni, kuelekea lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki. Tunapokwenda, Kusi hutupiga bega la kushoto. Tunaporudi, hutupiga la kulia. Hapo kukaa nyuma kabisa ya mwenzako hakufai, kwa sababu kivuli cha upepo hakiko nyuma yake bali nyuma na pembeni, kwa hiyo tunajipanga mshazari. Tunaporudi, wa kwanza huendesha karibu na mstari wa katikati, wa pili kidogo kushotoni kwake, wa tatu kushotoni kwa wa pili, hivyo hivyo mpaka lami iishe. Lami ikiisha, kivuli nacho kimekwisha. Wa sita au wa saba, ambaye hana tena pa kujibanza, huning'inia kwenye ukingo penye mchanga na miiba akiwa peke yake na upepo wote, na baada ya dakika chache utamwona amekatika. Timu inayojua jambo hili inaweza kulivunja kundi la watu 40 vipande vipande bila mlima wowote. Sisi tulijifunza kwa kuvunjwa; mara ya kwanza tulikuwa sote 6 mchangani.

Mshindi wetu, yaani mtu ambaye sisi wengine tunamfanyia kazi, ni kijana aliyeanza kwa kubeba samaki. Tangu akiwa na miaka 15 alikuwa akitoka Ngomeni na tenga nyuma ya bleki mamba, ile baiskeli nzito ya chuma ambayo wazee wetu waliipakia magunia, akiwahi wateja wa Malindi kabla barafu haijayeyuka. Alipokuja kwetu akapewa baiskeli ya mtumba ya alumini yenye matairi membamba, hakuna aliyeweza kumfuata. Tatizo lake lilikuwa moja, nalo lilituchukua mwaka mzima kulitibu: hakujua kujificha. Aliona aibu kukaa nyuma ya mtu aliyemzidi umri. Kila nilipokwenda mbele naye alikuja ubavuni, akisema, "Pumzika, kaka, nitavuta mimi," na kila nilipomwambia rudi nyuma alidhani ninampima adabu. Adabu aliyolelewa nayo ilimtaka ampokee mkubwa mzigo. Mbio zilimtaka amwachie. Alikubali siku nahodha wetu alipomwambia kwamba nguvu anazozimwaga kilomita ya 30 si zake peke yake.

Sasa nieleze kosa langu, kwa sababu bila hilo jibu langu litakuwa la mtu anayejisifu kwa unyenyekevu. Miaka miwili iliyopita, katika mbio moja ya kilomita 90 hapa Pwani, nilijikuta katika kundi la mbele la watu 7. Halijawahi kunitokea kabla yake wala baada yake. Miguu ilikuwa mepesi, upepo ulikuwa mgongoni, na nilianza kupiga hesabu ambazo hazikuwa zangu. Zikiwa zimebaki kilomita 20 nikasikia mluzi wa nahodha nyuma, mara mbili. Kwetu mluzi wa namna hiyo maana yake ni pancha, na pancha ilikuwa ya kijana, gurudumu la nyuma. Makubaliano yetu yalikuwa wazi: baiskeli yangu na yake ndizo peke yake zenye gia 10 za nyuma, kwa hiyo gurudumu langu ndilo pekee lililoweza kuingia kwake. Nilitakiwa kusimama, kulichomoa, kumpa, na kukaa kando ya barabara nikisubiri gari la msaada, ambalo lilikuwa moja kwa timu zote. Sikusimama. Nilijiambia kwamba huenda mluzi ule ni wa mtoto kijijini. Nilimaliza wa sita.

Hakuna aliyenigombeza. Jioni tulikula biriani kama kawaida yetu baada ya mbio. Nahodha akanipa mkono akasema, "Umepata ya sita, hongera," na kijana, aliyerudishwa nyuma ya pikapu na baiskeli yake mapajani, akaniuliza kwa moyo safi kabisa kundi la mbele huwaje. Nilishindwa kumweleza. Karatasi ya matokeo yenye jina langu katika nafasi ya 6 bado ninayo. Iko chini ya sanduku la vyombo vyangu vya kazi, na mke wangu ananiuliza kwa nini sikuibandika ukutani kama wafanyavyo wengine.

Julai iliyofuata tulirudi katika mbio ileile, safari hii Kusi likitungojea njia nzima ya kurudi. Kazi yangu ilianza kilomita ya 50 na kwisha kilomita ya 78. Mwalimu na mimi tulipokezana mbele, dakika moja moja, kichwa chini, mikono kwenye pembe za chini za usukani, tukijua kwamba kijana yuko wa tatu na wa nne wetu yuko nyuma yake kuwazuia wageni wasimbane. Kila nilipojiengua nilimtazama usoni. Nilitaka kumwona akipumua kwa pua. Nilipohisi mapaja yameanza kukaza nilimpa ishara mwalimu, nikavuta zamu ya mwisho kwa yote niliyobakiwa nayo, kisha nikajitoa. Kundi zima likanipita, na lililofuata nalo likanipita. Nilimaliza wa 31. Habari ya matokeo nilipewa na mama mmoja wa kibanda cha madafu kabla sijafika mwisho: "Yule wenu mwembamba kapata ya pili." Nilinunua dafu, nikalinywa nimesimama, nikaendelea polepole.

Zawadi ya wa pili ilikuwa shilingi 15,000. Tuligawana sehemu 7 sawa, ya saba ikiwa ya fundi wetu wa baiskeli, ambaye hupambana na chumvi ya bahari inayokula cheni na njiti kuliko sisi tunavyopambana na upepo. Kila mmoja alipata 2,100, na 300 zilizobaki zikanunua mahamri. Msidhani huu ni utaratibu wa maskini. Hata katika timu za kulipwa za Ulaya ni desturi zawadi kuingia katika mfuko wa pamoja na kugawiwa wote waliofanya kazi.

Mtu atasema ninazungumza kama sungura aliyezikosa ndizi: sizitaki mbichi hizi. Huenda, ila namwomba amtazame Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah kule Kikuyu. Katika Tour de France ya mwaka 2012, yaani mbio za kuzunguka Ufaransa zinazokwenda kwa hatua, siku baada ya siku, alikuwa katika timu moja na Mwingereza Bradley Wiggins, na kazi yake ilikuwa kumpeleka Wiggins. Katika hatua ya 11, kwenye mlima wa La Toussuire, Froome alichomoka, Wiggins akabaki, na dunia nzima ikaona jinsi alivyopunguza mwendo na kumngoja. Alimaliza mashindano hayo akiwa wa pili, nyuma ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimvuta, na mwaka uliofuata akashinda mwenyewe, kisha tena 2015, 2016 na 2017, safari hizo wengine wakimkatia yeye upepo. Wafaransa wana neno la kumwita mvutaji, na maana yake ya asili ni mtumishi wa nyumbani. Silipendi neno hilo. Mtumishi wa nyumbani huambiwa afanye nini. Mimi huamua mwenyewe, kwa kusikiliza upepo na pumzi za walio nyuma yangu, niende kasi gani na niishie wapi.

Mwezi wa Septemba 2025, mashindano ya dunia yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, huko Kigali, tulikusanyika kwa fundi kutazama kwenye simu yake mbio za wanaume za kilomita 267.5. Walianza zaidi ya 160; waliomaliza walikuwa 30. Kijana alisikitika kwa ajili ya wale wengine wote. Mwalimu akamwambia atazame kilomita 100 za kwanza, ahesabu ni wangapi kati ya hao walioachia njiani walikuwa mbele wakivuta, na wamevaa jezi ya nani.

Sasa kijana ameitwa na timu kubwa ya bara, na huko, kwa mwaka wa kwanza angalau, atakuwa mvutaji. Amenijia mwenyewe akitaka kufundishwa, kwa hiyo tangu mwezi uliopita tumebadilishana nafasi: yeye mbele, mimi kwenye gurudumu lake. Jumapili iliyopita alinivuta kutoka Gongoni hadi daraja la Sabaki, Kusi likimpiga kifuani, naye hakutikisika. Mara mbili ilinibidi nimpigie ukelele apunguze mwendo, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba nyuma yake kuna mtu.

Msomaji wenu,
Malindi